Mabawa ya Kunguni

Hadithi iko mlangoni!

—Ifungulieni!

Imetoka wapi?

—Imetoka mbali, imechoka, inataka pa kulala!

Imekaguliwa?

—Bado!

Basi tuikague pamoja. Na mkijibu, jibuni kwa sauti. Sikuja hapa kuzungumza na makaa.

Hapo kale, kale ile ambayo watu na mijusi walikuwa wakielewana, alikuwako mwanamke akiitwa Mashavu. Kazi yake ilikuwa kukanda wazazi. Mwanamke akijifungua, Mashavu huitwa. Huchemsha maji, huchovya kitambaa, humkanda mzazi mgongo na kiuno asubuhi na jioni, mpaka arobaini iishe. Mikono yake ilisifiwa kote. Ulimi wake haukusifiwa hata kidogo. Wali ukiwa mbichi, Mashavu husema mbichi. Mtoto akifanana na babu yake, husema anafanana na babu yake, hata kama babu mwenyewe hakuwa wa kutazamwa.

Tena alikuwa mtu wa kuuliza. Kwa nini moshi hauna kivuli kizito? Kwa nini jogoo hufumba macho akiwika? Ukimjibu moja, anakuletea jingine.

Sasa, kulikuwa na swali moja lililomkaa rohoni kama mwiba. Sikilizeni vizuri, maana hadithi yote imesimama hapo.

Mdogo wake, jina lake Raya, alikuwa ameolewa ng'ambo ya mto Ngamba. Alipojifungua mtoto wa kwanza, Mashavu alikwenda kumkanda. Alifika ameoga, amevaa kanga mpya, ananukia. Haukupita muda, kitanda cha mzazi kikaingia kunguni. Na desturi ya kule ni hii: mzazi hatoki chumbani mpaka arobaini, na kitanda chake hakitolewi nje mpaka arobaini. Kitanda kingine chochote kikiingia kunguni, watu hukibeba mpaka juani, wakakimwagia maji ya moto, wakamaliza. Hiki hapana. Hiki kinakaa hapo hapo na wadudu wake.

Mtoto akaumwa, akalia. Mama hakupata usingizi, maziwa yakakauka. Mtoto akaokolewa na maziwa ya mbuzi na dua za watu. Mama mkwe wa Raya, Bi Salwa, akamnyooshea Mashavu kidole.

"Kabla hujaja wewe, hawakuwapo."

Mashavu akachukua furushi lake. Akarudi kwao anajiuliza: mimi nilikuwa safi. Mdudu yule hana mabawa. Alifikaje?

Raya akapata mimba ya pili. Siku zikakaribia. Ujumbe ukaja kutoka kwa Bi Salwa: "Njoo umkande mdogo wako. Lakini ukituletea wadudu tena, utarudi siku hiyo hiyo, na mlango huu hutaupita tena. Atakandwa na jirani." Na huyo jirani, ndugu zangu, alikuwa na mikono kama kwato. Raya akilia kwa jirani yule, nani atamlaumu?

Mashavu akafunga furushi lake, akashika njia.

Akafika kivuko cha Ngamba jua bado liko juu. Mto umefurika. Maji mekundu, magogo yanapita yanakimbizana. Mwenye mtumbwi akasema, "Mama, leo hata mimi nakuogopea. Subiri."

Pale kivukoni palikuwa na nyumba ya Mzee Shekue na mkewe, Bi Nunu. Wageni wote wa njia ile walilala kwake, bure, wakala kwake, bure. Mzee Shekue alikuwa mtu mwema. Nasema tena, mwema, msije mkamfanya mbaya njiani. Chumba cha wageni kilikuwa chumba bora kuliko chake mwenyewe. Kitanda cha kamba kilichosukwa vizuri, godoro la usufi, shuka nyeupe, asumini juu ya mto.

"Karibu, binti yangu. Hapa ndipo hulala wageni wangu. Wote huamka wakaniambia wamelala kama masultani."

Mashavu akatazama. Alikumbuka. Hata mara ile alilala hapa hapa, na hata yeye, kwa uchovu na kwa haya ya ugenini, aliaga kwa sifa. Akaweka furushi lake nje, juu ya jiwe. Kisha akapiga magoti, akainua shuka, akapinda ukingo wa godoro.

Mzee Shekue akashtuka. "Unafanya nini?"

"Nakagua kitanda, mzee wangu."

"Unakagua kitanda changu? Kama mtu anayemfungua mbuzi mdomo mnadani?"

"Ndiyo. Na mbuzi wako ana ugonjwa. Njoo uone."

Akamwonyesha. Penye mshono wa godoro palikuwa na vidoa vyeusi, kama mtu amedonoadonoa kwa ncha ya kalamu. Penye tundu ambapo tendegu, ule mguu wa kitanda, unashikana na ubao wa ubavuni, palikuwa na maganda mepesi ya rangi ya chai. Na ukiinamisha pua, harufu: tamu, nzito, mbaya.

"Kunguni," akasema Mashavu.

Mzee Shekue akapaza sauti. "Wageni wangu wote, miaka yote, hakuna hata mmoja aliyeniambia hivyo!"

"Walikuongopea. Nami nilikuwa mmoja wao."

"Basi lala unapotaka! Lala juu ya mti! Mto ukipungua, uende zako!"

Akatoka, akajigonga kwenye kizingiti, akakitukana kizingiti.

Mashavu akaenda kukaa barazani, penye udongo uliosiribwa laini usio na ufa. Lakini swali bado liko rohoni. Sawa, kunguni wako hapa. Kule walifikaje? Mto huu mpana hivi?

Akapita Mbu, anaimba pua juu.

"Wewe Mbu, uliingiaje nyumba hii?"

"Mimi? Nina mabawa. Niliona dirisha wazi, nikaingia."

Akapita Kiroboto.

"Wewe Kiroboto, uliingiaje nyumba hii?"

"Mimi? Nina miguu. Paka alipita, nikamdandia."

Akatazama ukutani, akamwona Mjusi amejibandika, anachezesha kichwa kama mtu anayekubali kila kitu.

"Wewe Mjusi, unaishi humu, unaona yote. Kunguni hana mabawa. Hana miguu ya kuchupa. Aliingiaje?"

Mjusi akacheka mpaka mkia ukataka kukatika.

"Huyo? Huyo hubebwa. Mgeni hakagui asimuudhi mwenyeji. Mwenyeji haulizi asimuudhi mgeni. Asubuhi mgeni anajikuna, anasema nimelala salama, anabeba furushi lake na kunguni ndani. Adabu zenu, mama. Adabu zenu ndizo mabawa yake."

Mashavu akayaweka maneno yale mahali ambapo hayatapotea.

Mnadhani waliokuwa wakisikiliza ni wao wawili tu? Hapana! Ndani ya tundu la tendegu alikuwamo Kunguni mmoja mzee, bapa kama mbegu ya tikiti, mwenye maarifa. Alikuwa amemsikia Mashavu akimweleza Bi Nunu anakokwenda. Kitanda kisichotolewa nje mpaka arobaini! Mama asiyetoka chumbani! Na kitoto kichanga, laini, ambacho hata kujikuna hakijui! Kunguni akasugua miguu yake yote sita.

"Hiyo," akasema, "ndiyo pepo yetu. Huyu mama lazima anibebe."

Akaanza kuimba. Itikieni!

*Nibebe, mgeni, mimi si mzito,*

—Nibebe!

*Pindo la kanga kwangu ni kitanda,*

—Nibebe!

*Mwenyeji hajui, mgeni hasemi,*

—Nibebe!

*Kimya chenu ndicho, nacho nitakwenda.*

Wewe uliye nyuma, mbona huitikii? Umeshabebeshwa nini?

Siku ya kwanza Kunguni akalifuata furushi. Akafika penye jiwe, furushi halipo. Mashavu alikuwa amelitundika katikati ya kamba ya kuanikia nguo, limening'inia peke yake, halikugusa ukuta, halikugusa ardhi. Kunguni akaipanda kamba. Jua likatoka. Mgongo ukamwaka, akaachia, akaanguka pu!

"Bado," akasema.

Siku ya pili Kunguni akayafuata makubadhi ya Mashavu. Akajipenyeza kwenye mkunjo wa ngozi, akatulia. Mashavu akaamka, kabla hajavaa akayapiga moja kwa jingine: pa! pa! pa! Kunguni akaruka bila mabawa, akaanguka pu!

"Bado," akasema.

Siku ya tatu Kunguni akaufuata upindo wa kanga. Mashavu akasimama juani, akaikung'uta kanga mpaka ikalia kama tanga lililopasuka. Kunguni akaanguka pu! Safari hii akaanguka mbele ya Kuku. Kilichomwokoa ni kwamba Kuku alikuwa anamgombeza mwanawe.

"Bado," akasema Kunguni, lakini sasa alisema polepole.

Akarudi ndani, mguu mmoja anauburuta. Akapanda kitandani kwake. Na juu ya kitanda akakuta nini?

Akamkuta Bi Nunu anashona.

Bi Nunu alikuwa ameumia. Hakupenda mumewe amfokee mgeni, tena mgeni anayekwenda kwa mzazi. Akachukua usufi safi na kipande cha kitambaa chenye maua, akawa anashona kimto cha mtoto, kimto kidogo cha kichwa kidogo. Na alikaa wapi kukishona? Pale kitandani kwa wageni, kwa sababu pale ndipo dirisha lilipo, na macho yake yalikuwa yamepungua. Hakuwa na ubaya wowote. Alitaka mwanga tu.

Bado mshono mmoja. Kunguni akautazama ule mwanya. Akauingia.

Bi Nunu akakata uzi kwa meno.

Siku hiyo mto ukapungua. Mashavu akaja kuaga. Mzee Shekue akageuza uso, akajifanya anatazama mbuzi. Bi Nunu akamkimbilia hadi gatini, akamwekea kimto mikononi.

"Mwanangu, yasahau maneno ya yule. Mpelekee mtoto. Nimekishona mwenyewe, kwa macho haya haya unayoyaona."

Sasa nani angekataa? Semeni, nani? Na nani angechukua zawadi ya mtoto mchanga, akaanza kuichunguza mishono mbele ya aliyeishona, na machozi yanamlengalenga? Mashavu huyu huyu, mwenye ulimi wa kiberiti, akasema tu: "Ahsante, mama. Kizuri sana." Akakitia furushini, akaingia mtumbwini.

Mnaguna? Guneni tu! Hata mimi nikifika hapa hukasirika, na hadithi naijua.

Wakavuka. Mashavu akatembea, akatembea, akatembea. Ndani ya usufi Kunguni anaimba kwa sauti ya chini:

*Nibebe, mgeni, mimi si mzito,*

—Nibebe!

Akafika kwa Raya. Sauti ya kichanga inasikika. Mtoto amezaliwa alfajiri ile ile! Raya akasikia hatua za dadake, akaita kutoka ndani: "Dada! Dada Mashavu! Ingia, mgongo unanikatika!"

Bi Salwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Karibu, Mashavu. Umekuja na nani?"

"Nimekuja peke yangu."

"Hata mara ile ulisema hivyo."

Mguu wa Mashavu ulikuwa umeshainuliwa kupita kizingiti. Ukabaki hewani.

Akafikiri. Furushi nililitundika. Makubadhi niliyapiga. Kanga niliikung'uta. Kisha maneno ya Mjusi yakamjia: adabu zenu ndizo mabawa yake. Akajiuliza swali kubwa kuliko yote aliyowahi kuuliza: katika safari hii nzima, ni wapi nilipokuwa na adabu?

Ilikuwa mahali pamoja tu.

Akaurudisha mguu nje.

"Bi Salwa, sijaja peke yangu. Nina mashaka na kitu. Maji ya kukandia yako wapi?"

"Yako jikoni yanachemka, yatakuwa wapi? Nyumba ya mzazi maji ya moto yakakosekana?"

"Niletee sufuria kubwa uani. Na niletee kanga nyingine, hizi nazivua."

"Dada!" Raya analia ndani. "Mbona huingii? Umenikasirikia?"

"Nakupenda, ndiyo maana siingii! Vumilia!"

Mashavu akazunguka nyuma ya nyumba, mbali na mlango. Akavua, akavaa kanga ya mwenyeji. Nguo zake zote akazitumbukiza katika maji yanayotokota. Akabakia na kile kimto cha maua. Bi Salwa akapiga kelele.

"Hicho ni cha mtoto! Zawadi unaitia kwenye sufuria? Wewe una wazimu!"

Mashavu akakishika juu ya mvuke. Joto likapenya usufi. Mara, sauti ndogo ikatoka mshononi:

"Mama! Mama Mashavu! Usinitie humo!"

Bi Salwa akakaa chini bila kutazama anakalia nini.

"Wewe ni nani?" akauliza Mashavu, na anamjua.

"Ni mimi, Kunguni. Nitoe, nitakuambia siri. Najua wewe ni mtu wa kuuliza."

Na kweli, jamani, mkono wa Mashavu ukasita. Siri! Angewezaje? "Siri gani?"

"Nitoe kwanza."

"Sema kwanza."

"Tunastahimili njaa," akasema Kunguni, "miezi na miezi. Ukihama nyumba ukadhani tutakufa, tunakungoja. Tunapenda giza, tunapenda nyufa, tunapenda nguo zilizorundikwa sakafuni. Tunachukia jua kali na maji ya moto. Na tunampenda mno mgeni anayefika amechoka, akajitupa kitandani bila kutazama. Basi, nimesema. Nitoe."

"Na umesahau nini katika mpango wako?"

Kunguni akafikiri. "Sijui."

"Uliona kitanda kisichotoka nje. Hukuona kwamba nyumba ya mzazi ndiyo nyumba ambayo maji ya moto hayapoi."

Akakiachia kimto. Chubwi!

—Bado!

Nani amesema bado? Hapana. Safari hii amekwisha.

Bi Salwa akainuka, akajipangusa. Hakuomba radhi, hakuwa mtu wa hivyo. Alichukua kata mwenyewe, akamtekea Mashavu maji ya kuoga, akamshikia. Kisha akasema, "Ingia. Mdogo wako anakungoja."

Mashavu akaingia, akamkanda Raya asubuhi na jioni. Mtoto alilala. Alilala usingizi mzito mpaka mama yake akawa anamwekea kidole puani kuona kama anapumua. Maziwa yakajaa yakamwagika. Arobaini ikaisha, kitanda kikatolewa nje, kikageuzwa juu chini mbele ya watu. Bi Salwa akakikagua kila tundu. Hakuna kitu.

Mashavu akaaga. Alikuwa na njia nyingine ya kurudi kwao, ya mzunguko mrefu wa siku nyingi, isiyopita kivukoni. Hakuishika. Akavuka Ngamba.

Alipokaribia nyumba ya Mzee Shekue akasimama. Uani, kwenye jua la mchana, vitanda vyote vya nyumba ile vilikuwa vimelazwa miguu juu, vinatoa mvuke. Mzee Shekue kaloa jasho, ana birika mkononi, anamimina tundu kwa tundu. Akamwona.

"Ulipoondoka," akasema, "nililala chumba cha wageni. Kwa hasira, ili nije nikuite mwongo. Tangu hapo vitanda havikosi maji ya moto kila juma." Akajikuna shingo kwa kumbukumbu. "Miaka yote hii, binti yangu, nawalisha wadudu kwa damu ya wageni wangu. Na katika wote, hakuna aliyenijali kiasi cha kuniambia, ila wewe."

Akaenda ndani, akarudi na taa, ingawa ni mchana. Akampa Mashavu mkononi.

"Mgeni, kagua kitanda."

Na tangu siku hiyo, kivukoni pale, hivyo ndivyo mgeni anavyokaribishwa. Haambiwi kwanza lala. Anapewa taa, anaambiwa kagua.

Lakini ngojeni, bado Bi Nunu. Bi Nunu akatoka, anapapasa ukuta, uso umemchangamka.

"Mwanangu! Na kile kimto? Mtoto amekipenda?"

Mzee Shekue akakohoa. Akamkonyeza Mashavu: sema ndiyo. Sema tu ndiyo, yaishe.

Mashavu akamshika Bi Nunu mikono yote miwili. "Mama, mtoto hajakiona. Kilikuwa na kunguni ndani. Nilikichemsha, kikaharibika chote. Na kama ningekagua hapa hapa mbele yako, kisingeharibika. Niliona haya."

Bi Nunu akapapasa, akatafuta kigoda chake. Akakiburuta kutoka ndani, akakiburuta mpaka katikati ya uwanja, pale penye jua kali kuliko pote. Akaketi.

"Hapa pana mwanga kuliko kule dirishani," akasema. "Nilikuwa sijui. Niletee usufi, na wewe keti nami. Usiondoke mpaka nimalize. Na kila mshono, mwanangu, utautazama wewe."

Hapo ndipo hadithi yangu inaposhuka mgongoni pangu. Funzo lake silifichi: ukifika ugenini, fika mapema, tazama kitanda kabla ya kukilalia, tundika furushi lako, kung'uta nguo zako. Na ukiona kitu, sema. Kumnyamazia mwenzio si heshima. Ni kumbebesha mzigo wa mtu mwingine.

Mtaniuliza, kama yule Kunguni mzee alikufa sufuriani, hawa wa leo wametoka wapi? Waulizeni wale waliolala kwenu mwezi uliopita wakasema wamelala kama masultani.

Hadithi nimeikung'uta!

—Imekung'utika!

Nimeianika!

—Imekauka!

Atakayejikuna usiku huu, asije kunigongea mlango.